Jimmy Reid alijaza watu 80,000 barabarani Glasgow. Kwa nini sanduku la kura lilimkataa?

#1 Mchonga Mwiko
Wakuu, habari za jioni.

Kwa wasiomjua huyu bwana: Jimmy Reid, kazaliwa Govan, Glasgow, Julai 1932, familia ya kimaskini, dada zake watatu walifariki wakiwa wachanga. Kaacha shule ana miaka 14. Akawa fundi mitambo, akaingia kwenye harakati za vyama vya wafanyakazi angali kijana, na mwaka 1952 alikuwa mmoja wa vinara wa mgomo wa mafundi wanafunzi.

Jina lake lilikuja kuvuma 1971. Kampuni ya Upper Clyde Shipbuilders (UCS) ilikuwa imeundwa 1968 kwa kuunganisha viwanda vitano vya kujenga meli kando ya mto Clyde. Juni 1971 ikaishiwa fedha, ikaomba serikali ya waziri mkuu Edward Heath wa chama cha Conservative mkopo wa pauni milioni 6, ikanyimwa, ikakabidhiwa mfilisi. Watu zaidi ya 8,000 wakawa wanasubiri kupewa barua.

Kila mtu alitegemea mgomo. Reid na wenzake hawakugoma, walikataa kutoka. Aliyepewa barua ya kuachishwa kazi leo, kesho asubuhi yuko getini kama kawaida, anaingia, anaendelea na kazi aliyoiacha jana. Mshahara wake unatoka kwenye mfuko wa michango, kila mfanyakazi aliyebaki kwenye orodha akichangia peni 50 (nusu pauni) kwa wiki. Reid akasimama mbele ya umati akatoa masharti: hakuna uhuni, hakuna kuharibu mali, hakuna kulewa, maana dunia nzima inatutazama.

Agosti 18 mwaka huo watu wapatao 80,000 wakaandamana Glasgow. Februari 1972 serikali ikalegea, ikaahidi pauni milioni 35.

Sasa njooni kwenye kura. Februari 1974 Reid kagombea ubunge Central Dunbartonshire, jimbo ambalo mji wa Clydebank wenye kiwanda kimojawapo upo ndani yake. Kapata kura 5,928. Oktoba mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa, akashuka hadi 3,417. 1979 kajaribu Dundee East, kapigwa. Hadi anafariki Agosti 2010 hakuwahi kula kiapo cha ubunge.

Dai langu ni moja: wale watu walimtumia. Ajira zilipopona wakampa mgongo. Mwenye hoja tofauti alete.

#2 Kiroba cha Ngano
Nimekita kambi hapa. Wajuzi shusheni nondo.

#3 Mkereketwa
Mleta uzi umeandika aya zote hizo ukaruka jambo moja dogo: 1974 Reid aligombea kwa tiketi ya Chama cha Kikomunisti. Hapo ndipo jibu lilipo. Wakati wa vita baridi, miaka sita tu tangu vifaru vya Urusi viingie Czechoslovakia, wewe unampelekea Mwingereza karatasi yenye neno "Mkomunisti" unategemea nini? Mtu atakupigia makofi uwanjani, lakini kwenye chumba cha kura anamkumbuka Brezhnev, mkuu wa Urusi wa wakati huo.

#4 Mzee Kigogo
Mkereketwa, kwanza hao si Waingereza, ni Waskoti. Ukisema hivyo kwenye baa ya Govan utarudi bila meno.

Pili, hoja yako ina tobo. Willie Gallacher alikuwa Mkomunisti wa kadi, mzaliwa wa Paisley, kiongozi wa wafanyakazi wa Clyde wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aligombea West Fife, jimbo la wachimba makaa ya mawe, akashinda 1935, akashinda tena 1945. Miaka 15 bungeni. Kwa hiyo neno lenyewe halikuwa sumu Scotland.

Tatu, Reid alikuwa diwani wa Clydebank kwa tiketi hiyohiyo ya Kikomunisti. Watu walewale, mji uleule. Udiwani walimpa, ubunge wakamnyima. Elezea hapo.

#5 Mkereketwa
Mzee Kigogo shikamoo. Umesema mwenyewe 1935 na 1945. Mwaka 1945 Urusi alikuwa mshirika wa vita aliyetoka kumvunja Hitler. 1950 hali imebadilika, Gallacher huyohuyo kaanguka. Umenisaidia hoja yangu, asante.

Udiwani ni taka na mabomba ya maji. Hakuna anayeuliza msimamo wa diwani kuhusu Urusi kuivamia Hungary.

#6 Msoma Ramani
Wakuu mnabishana itikadi wakati mimi naona ramani.

Wale 80,000 walitoka kote: Glasgow, miji ya jirani, wachimba makaa, walimu, hadi watu kutoka Uingereza kusini. Viwanda vya UCS navyo vilitapakaa: Govan na Linthouse ng'ambo ya kusini ya mto, Scotstoun kaskazini, Clydebank kule chini. Mfanyakazi wa Govan anapiga kura Govan. Hata akimpenda Reid kuliko mama yake, kura yake haihesabiwi Central Dunbartonshire.

Na jimbo lenyewe halikuwa Clydebank peke yake. Lilikuwa na Milngavie, kitongoji cha watu wenye nafasi zao, wanaokwenda Glasgow kwa treni asubuhi wamefunga tai. Wale kura yao ni ya Conservative. Kwa hiyo kundi la kweli la Reid lilikuwa dogo kuliko picha za maandamano zinavyotudanganya.

Tena hizo kura 5,928 msizidharau. Wakati ule mgombea asiyefikisha moja ya nane ya kura zote alipoteza dhamana yake. Reid alivuka. Wagombea wengi wa Kikomunisti hawakuwa wanakaribia hata hapo.

#7 Bi Tausi wa Pangani
Salaam wote.

Msoma Ramani kaeleza vizuri ila kaacha tarehe. Februari 1974 haikuwa uchaguzi wa kawaida. Wachimba makaa wamegoma, umeme wa mgao, viwanda vimewekewa wiki ya siku tatu, na Heath kaitisha uchaguzi akiuliza nani anatawala nchi, serikali au vyama vya wafanyakazi. Mfanyakazi wa Clydebank siku hiyo hachagui kati ya Reid na mgombea wa Labour. Anachagua kama Heath arudi au asirudi. Na Heath ndiye aliyetaka kuwaua 1971!

Ukimpa Reid, unaweza kumpasulia Labour kura, Conservative akapita katikati. Matokeo ya nchi nzima yanaonyesha hofu hiyo haikuwa ya bure: Labour viti 301, Conservative 297. Viti vinne tu. Ningekuwa mke wa fundi wa Clydebank, na mimi ningempa Labour, kisha nikampikia Reid chakula cha jioni.

#8 Mchonga Mwiko
Bi Tausi, kumpikia mtu chakula baada ya kumnyima kura ndiko huko kumtumia ninakosema.

#9 Bi Tausi wa Pangani
Angekula na angeelewa. Wewe ndiye usiyeelewa.

#10 Gunner wa Tandale
Mnaleta hesabu nzito, hakuna aliyetaja kisa cha maua! Wakati ule wa 1971 ofisi ya kamati ya wafanyakazi ililetewa maua ya waridi na hundi ya pauni 5,000. Mmoja akasoma jina, akatangaza imetoka kwa Lennon. Mzee mmoja mkomunisti akaruka: "Lenin? Lenin si alishakufa!" Kumbe ni John Lennon wa The Beatles na mkewe Yoko Ono.

#11 Kiroba cha Ngano
😂😂😂 Huyo mzee apewe ulinzi.

#12 Mzee Kigogo
Kisa ni kitamu na kinasimuliwa kila mahali, lakini kiasi cha hundi kina ubishi, wapo wanaosema pauni 1,000. Mchango wenyewe ulikuwapo. Na haukuwa peke yake, fedha zilitoka vyama vya wafanyakazi vya nchi mbalimbali.

#13 Fundi Chuma
Niko Kisumu, naufuata uzi huu kimya kimya, sasa ngoja niseme. Wenzetu mnaongea Clyde kana kwamba ni mwezini. MV Victoria ya Ziwa Victoria ilitoka hukohuko. Ilijengwa na Yarrow pale Scotstoun, Glasgow, ikaja kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. MV Umoja na MV Uhuru, zile za kubeba mabehewa ya reli, nazo ni za Yarrow, za katikati ya miaka ya 60.

Babu yangu alikuwa kwenye karakana ya Shirika la Reli na Bandari. Alikuwa akieleza hivi: meli inajengwa kule Scotland hadi inasimama, mabamba yamefungwa kwa bolti tu. Kisha kila bamba linapigwa namba kwa rangi, bolti zinafunguliwa, vyote vinapakiwa melini hadi Mombasa, treni hadi ziwani. Huku kazi ni kuzifuata namba. Na alikuwa akisema tundu la bamba la Glasgow likikataa kukaa sawa na mwenzake, ujue aliyekosea ni wewe uliyesoma namba vibaya, si aliyetoboa.

Kwa hiyo sisi wa ziwani tumewapanda hao jamaa wa Reid miaka na miaka. Watu wa Bukoba na Mwanza mnisaidie.

#14 Nshomile Asili
Mzee Fundi Chuma umenikumbusha mbali, Victoria ya usiku Bukoba kwenda Mwanza, mikungu ya ndizi hadi kwenye ngazi. Siku hizi imekarabatiwa, inaitwa New Victoria. Kumbe ni mtoto wa Clyde.

#15 Msoma Ramani
Fundi Chuma nondo nzito. Ila marekebisho madogo: Yarrow waliingizwa UCS 1968 kama mmoja wa wale watano, wakajitoa 1971 kabla kampuni haijaanguka. Kwa hiyo waliokataa kutoka kiwandani ni wa viwanda vinne vilivyobaki, si mafundi wa Yarrow.

#16 Fundi Chuma
Sawa, lakini bamba ni bamba. Na Scotstoun kulikuwa na Connell vilevile, ambao walikuwa ndani ya UCS. Hao walikuwa majirani, watoto wao wanasoma shule moja.

#17 Katibu Mstaafu
Naomba niongee kwa uzoefu.

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Tulipigania malipo ya saa za ziada, tukashinda. Siku ile nilibebwa mabegani kutoka kantini hadi getini. Nikajiaminisha. Uchaguzi ulipokuja nikachukua fomu ya udiwani kata kilipo kiwanda.

Wakuu, niliangukia pua. Nilipokaa na daftari ndipo nikaona: walionibeba mabegani wengi wanaishi kata nyingine kabisa, wanakuja kazini kwa daladala. Wanaoishi pale kiwandani ni wenye nyumba, mama ntilie na wenye maduka, ambao wakati wa mgogoro wetu walikosa wateja. Kwao mimi ndiye niliyewaharibia biashara. Hoja ya Msoma Ramani #6 nimeiishi.

Kuna jingine. Kiongozi wa wafanyakazi anapendwa kwa sababu yuko pale, sauti yake inafika kwa meneja saa hiyohiyo. Ukimpeleka bungeni wanampoteza. Wapo walioniambia uso kwa uso: katibu, tukikupa udiwani nani atakaa na meneja?

#18 Mchonga Mwiko
Katibu pole. Lakini si wamekunyima kote, na ukatibu ukastaafu?

#19 Katibu Mstaafu
Wewe kijana nitakutafuta.

#20 Binti Nyangoma
Wakuu, mnamzungumzia Reid kana kwamba ndiye Mskoti wa kwanza kupitia hayo. Naomba nimlete dada yenu Mary Macarthur.

Kazaliwa Glasgow 1880, baba yake mfanyabiashara wa nguo, baadaye wakahamia Ayr. Huyu hakutoka kwenye umaskini. Alikwenda kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi wa maduka ili kuuripoti, akatoka amegeuka mwanachama. 1903 yuko London anaongoza ligi ya vyama vya wafanyakazi wanawake. 1906 kaanzisha Shirikisho la Taifa la Wanawake Wafanyakazi.

Kazi yake kubwa ni Cradley Heath, mji wa Uingereza ya kati, 1910. Huko wanawake walikuwa wanafua minyororo midogo kwa nyundo, nyuma ya nyumba zao, kila mmoja na kijitanuru chake, watoto wachanga wamelazwa pembeni kwenye makasha. Bodi ya mishahara ikapanga kima cha chini ambacho kingeongeza ujira wao karibu maradufu, kufikia shilingi 11 hivi kwa wiki. Waajiri wakaja na karatasi: weka alama hapa. Wengi hawakujua kusoma. Kumbe wanasaini kukubali kuendelea na ujira wa zamani kwa miezi sita! Macarthur akawaambia wasisaini. Wakafungiwa kazi. Akaita wapiga picha za sinema, akazionyesha nchi nzima, michango ikamiminika. Wiki kumi, waajiri wote wakasaini kulipa. Fedha za michango zilizobaki zikajenga jengo la wafanyakazi palepale.

Sasa 1918, uchaguzi wa kwanza wanawake kuruhusiwa kugombea. Macarthur akagombea Stourbridge kwa tiketi ya Labour, eneo la hukohuko kwenye minyororo. Msimamizi wa uchaguzi akakataa jina lake. Akalazimisha karatasi ya kura iandikwe "Bi W. C. Anderson", jina la mumewe. Mtu kajenga jina miaka 15, wewe unamfutia siku ya kura. Akashindwa na Mliberali.

Kwa hiyo mleta uzi, wengine hawakutupwa na wapiga kura. Wapiga kura hawakumwona kwenye karatasi.

#21 Kiroba cha Ngano
Hii ya Macarthur ilistahili uzi wake peke yake. Asante dada.

#22 Mkereketwa
Dada Nyangoma, kisa nakikubali, tafsiri siikubali. Wapiga kura wa Stourbridge walijua fika Bi Anderson ni nani, kampeni ilikuwa ya jina lake. Kilichomwangusha ni vita. Yeye na mumewe hawakuwa watu wa kushabikia vita, na Desemba 1918 ukiwa na msimamo huo umekwisha. Mumewe William Anderson alikuwa mbunge wa Sheffield Attercliffe tangu 1914. Uchaguzi huohuo naye kaangushwa, na karatasi yake ilikuwa na jina lake kamili!

#23 Bi Tausi wa Pangani
Ongezeni na hili. Mwaka 1918 wanawake waliopewa kura ni wa miaka 30 kwenda juu, tena wenye sifa za makazi. Wasichana wa minyororo wa miaka 20 na kitu, ambao Macarthur aliwapigania, hawakuwa na kura. Waume zao na kaka zao walikuwa nazo. Katika wanawake 17 waliogombea mwaka huo aliyeshinda ni mmoja tu, Constance Markievicz wa Dublin, na hakwenda kukaa kwenye kiti, chama chake cha Sinn Féin kilisusia bunge la London.

#24 Binti Nyangoma
Sawa Mkereketwa, vita vilichangia. Lakini kama jina halikuwa na maana, msimamizi alilikazania la nini?

(Mumewe alifariki Februari 1919 kwa ile homa ya dunia. Yeye kafuata Januari mosi 1921, kansa, miaka 40.)

#25 Mzee Kigogo
Hapo sasa tumlete baba lao. Keir Hardie. Mzaliwa wa Lanarkshire, kaingia mgodini ana miaka kumi, kawa kiongozi wa wachimba makaa. 1888 kagombea Mid Lanark, nyumbani kwao, katikati ya wachimba makaa wenzake. Kura 617.

Akafungasha. 1892 kashinda West Ham South, London. 1900 kashinda Merthyr Tydfil, Wales. Scotland hawakumpa kiti hata siku moja. Nabii hakubaliki kwao, wazee walishasema. Reid naye angekwenda Wales.

#26 Mchonga Mwiko
Mzee hapo umenigusa. Ila Reid alikwenda Dundee 1979, si kwao, tena kwa tiketi ya Labour baada ya kuuacha Ukomunisti 1976. Hakuna Brezhnev, hakuna Milngavie, hakuna hofu ya kupasua kura. Mkereketwa, Msoma Ramani, Bi Tausi, nyote watatu hoja zenu zinaishia hapo. Kapigwa vilevile. Na Gordon Wilson wa SNP, chama cha kitaifa cha Scotland.

#27 Msoma Ramani
Kapigwa kwa kura elfu mbili na ushee, na tazama mwaka wenyewe. SNP waliingia uchaguzi huo na viti 11, wakatoka na viwili, Western Isles na hicho cha Dundee East. Viti tisa vyote vimeporomoka, Reid kapangiwa kilichokataa kuporomoka. Wilson alikuwa na mizizi pale, na mwaka huohuo kawa kiongozi wa chama chake. Hiyo ni bahati mbaya ya droo.

#28 Mkereketwa
Au tuseme Labour kwa jumla walivuna Scotland, lakini si aliyekuwa Mkomunisti juzi. Brezhnev yupo palepale, mleta uzi.

#29 Gunner wa Tandale
Mnajua aliyezungumza kwenye mazishi yake ni nani? Sir Alex Ferguson! Naye ni mtoto wa Govan, baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha meli, na yeye mwenyewe akiwa fundi mwanafunzi alishiriki mgomo wa mafundi wanafunzi. Kanisa la Govan Old, Agosti 2010. Billy Connolly mchekeshaji alikuwepo, naye alikuwa mchomeleaji wa meli Clyde kabla ya jukwaa. Ndiyo maana Ferguson alikuwa akiwafokea wachezaji vile, ile ni sauti ya kiwandani.

#30 Nshomile Asili
Shabiki wa Arsenal leo anamsifu Ferguson. Siku za mwisho hizi.

#31 Gunner wa Tandale
Nimemtaja, sijamsifu. Tusirudi huko.

#32 Ami wa Mvita
Mimi nawasikiliza hapa Mombasa. Wallahi mnamfanya Reid malaika. Wako Waskoti ambao jina lake wakilisikia wanatema mate. Mgomo wa wachimba makaa wa 1984, wenzake wako barabarani na njaa, yeye akasimama hadharani kumshambulia Arthur Scargill, kiongozi wa wachimba makaa wa nchi nzima. Mick McGahey, kiongozi wa wachimba makaa wa Scotland na mwenzake wa tangu Chama cha Kikomunisti, akambandika jina la kejeli. Kisha Reid akaandikia magazeti ya kila rangi, hata The Sun. Mkomunisti, kisha Labour, kisha 2005 kajiunga SNP, chama kilekile kilichompiga Dundee. Kigeugeu hakosi kulipwa.

#33 Katibu Mstaafu
Ami, hesabu miaka kabla ya kuhukumu. Kura anazozungumzia mleta uzi ni za 1974 na 1979. Hayo unayoyataja yote yalikuja baadaye. Mtu hawezi kuadhibiwa 1974 kwa maneno ya 1984.

Na kuhusu Scargill, hoja ya Reid ilikuwa kwamba wanachama walinyimwa kura ya siri ya nchi nzima kabla ya mgomo. Unaweza kuikataa, lakini si hoja ya msaliti. Mimi nimeendesha mgomo, najua mgomo usiopigiwa kura unavyovuja.

#34 Ami wa Mvita
Sijasema aliadhibiwa kabla. Nasema waliomjua kwa karibu 1974 huenda waliona mapema.

#35 Kiroba cha Ngano
Miaka hiyohiyo si na huku kulikuwa na Mwongozo wa TANU wa 1971? Na wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber, Dar, 1973 wakamtoa mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Walijifunza Clyde?

#36 Mzee Kigogo
Hapana. Wale walikuwa na Mwongozo mkononi, uliokataza kiongozi kuwa na majivuno na uonevu, na wakamsomea bosi aya. Halafu Reid na wenzake hawakutaka kumiliki kiwanda. Walitaka kiendelee kuwapo na kazi ziendelee. Usichanganye.

#37 Dada wa Leeds
Niko huku Uingereza kaskazini. Mnaniudhi kidogo kwamba hakuna aliyemtaja Jimmy Airlie. Reid alikuwa msemaji. Mwenyekiti wa kamati ya wawakilishi wa wafanyakazi alikuwa Airlie, na kulikuwa na Sammy Barr na Sammy Gilmore. Airlie ndiye mtu wa mezani, wa kubana vifungu. Kamera zikampenda Reid kwa sababu alikuwa na ulimi. Labda wapiga kura wa Clydebank, ambao waliiona kamati kutoka ndani, hawakuona ushindi ule kama mali ya mtu mmoja. Ni sisi wa mbali tunaodhani 80,000 walimfuata yeye.

#38 Mchonga Mwiko
Dada wa Leeds, hii hoja haijawahi kunijia na nimeipenda. Lakini ulimi ule si mchezo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua kuwa rekta, yaani mwakilishi wao kwenye uongozi wa chuo, Aprili 1972 akahutubia kuhusu mtu kutengwa na jamii yake. "Mbio za panya ni za panya. Sisi si panya. Sisi ni binadamu." New York Times walichapisha hotuba nzima, wakailinganisha na ile ya Lincoln ya Gettysburg. Mtu wa namna hiyo bungeni angekuwa nani?

#39 Bi Tausi wa Pangani
Angekuwa mbunge wa viti vya nyuma anayeambiwa na mnadhimu wa chama apige kura gani. Hotuba ile asingeitoa.

#40 Mkereketwa
Narudi kwa Mzee Kigogo na nabii wake, maana imepita bila kupingwa. Hardie hakushinda West Ham 1892 kwa sababu alikuwa mgeni. Alishinda kwa sababu Waliberali hawakuwa na mgombea wa kumpinga, akabaki yeye na Conservative. Na Merthyr lilikuwa jimbo la wabunge wawili, kila mpiga kura ana kura mbili: moja anampa Mliberali wake wa siku zote, ya pili anampa Hardie. Mid Lanark 1888 alikuwa na Mliberali mbele yake na kura ni moja. Kwa hiyo 617.

#41 Mzee Kigogo
Hapo kuna kitu, sibishi. Lakini basi unarudi kwa Bi Tausi #7: Reid angepita kama Labour wangemwachia Clydebank. Na Hugh McCartney, mbunge wa Labour wa pale, hakuwa na sababu ya kumwachia mtu kiti.

#42 Mchonga Mwiko
Kuna anayejua kama Labour waliwahi hata kuombwa?

#43 Dada wa Leeds
Kuombwa na nani? Wakomunisti walikuwa wanasimamisha wagombea wao dhidi ya Labour nchi nzima. Ukitaka kuachiwa njia, kwanza na wewe uache kuwazibia wenzako.

#44 Katibu Mstaafu
Na hapo dada umemrudishia Mkereketwa mpira wake. Kesho nikitoka shamba nitaleta upande wa pili, maana kuna ya Gallacher mwaka 1950 ambayo hamjaigusa: siku hiyo aliyemtoa ni mtu wa Labour.